Makumbusho ya DDR, Berlin: skafu unaishika, gharama yake uitafute mwenyewe

Makumbusho ya DDR, yaani Ujerumani Mashariki ya zamani, yako katikati ya Berlin, ukingoni mwa mto Spree, yakitazamana na Kanisa Kuu la jiji hilo, umbali mfupi kwa miguu kutoka barabara ya Unter den Linden. Yalifunguliwa mwaka 2006, yanamilikiwa na watu binafsi wala si serikali, na kiingilio cha mtu mzima kinazidi yuro 10. Wageni wengi huyaendea kwa ajili ya gari la Trabant, ambalo mtu huruhusiwa kukaa kwenye usukani na kuliendesha, kwa msaada wa kompyuta, katika mitaa ya magorofa ya Berlin Mashariki. Mimi niliyaendea kwa shauku ya jambo jingine, nalo ni namna chama kimoja, SED, kilichoitawala nchi hiyo, kilivyojitwika kazi ya kuwalea watoto wote wa nchi, tangu chekechea hadi ujana, ili wawe raia wa aina kiliyoitaka. Kwa kipimo hicho nayapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Yanaonyesha kwa ustadi mkubwa karibu kila kitu ambacho mtoto wa Ujerumani Mashariki alipewa. Kile alichotakiwa kulipa kimetawanyika, na mgeni asiyejua pa kukitafuta anaweza kutoka akidhani ameona utoto wa raha uliopungukiwa na ndizi tu.

Makumbusho haya yamejengwa juu ya wazo kwamba mgeni aguse. Maelezo mengi, yaliyoandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza, yamewekwa ndani ya droo na nyuma ya milango ya makabati, kwa hiyo mtu hana budi kuvuta, kufungua na kuinama. Watoto hufurahi mno, na kwa mada hii utaratibu huo una faida ya pekee, kwa sababu malezi ya dola ile yalipitia kwenye vitu vidogo vya kushikika: beji, kadi ya uanachama, ripoti ya shule, shati, kitambaa cha shingoni. Hotuba za Erich Honecker, kiongozi wa nchi, zilichapishwa kurasa kwa kurasa na sidhani kama kuna mtoto aliyezimaliza, lakini sare karibu kila mtoto aliivaa, na mama yake aliifua na kuipiga pasi.

Kifaa kinachopigwa picha kuliko vyote katika sehemu ya utoto ni benchi la poti. Ni benchi la chekechea lenye poti kadhaa zilizopangwa mstari mmoja, ambako watoto waliketishwa kwa wakati mmoja na, kwa desturi, hakuna aliyeinuka mpaka wa mwisho awe amemaliza. Benchi hilo lina historia yake ya ugomvi. Mwaka 1999 mtaalamu wa masuala ya uhalifu Christian Pfeiffer, mtu wa Magharibi, alidai kwamba malezi ya pamoja ya namna hiyo yalichangia ukatili wa vijana wa Mashariki dhidi ya wageni, na watu wa Mashariki wakamjia juu kwa hasira, wengi wakiona kwamba wanatukanwa wao na wazazi wao kwa pamoja. Kwa maoni yangu benchi lenyewe halithibitishi lolote. Mlezi mmoja mwenye watoto kumi na kitu na mikono miwili angebuni kitu kama hicho katika nchi yoyote. Jambo zito halipigiki picha. Kufikia mwaka 1989 takriban asilimia 80 ya watoto walio chini ya miaka mitatu walikuwa katika vituo vya malezi ya mchana, na waliowazidi umri karibu wote walikuwa chekechea. Vituo hivyo viliwafaa akina mama waliokuwa kazini, na hadi leo wapo wanaovitaja kwa shukrani. Hata hivyo ratiba ya chekechea ilitoka wizarani, ikieleza mtoto wa umri gani aambiwe nini kuhusu nchi yake, kuhusu marafiki wa Umoja wa Kisovyeti, na kuhusu askari wanaomlinda. Siku ya jeshi, tarehe 1 Machi, watoto wasiojua bado kufunga kamba za viatu walichora picha za kuwapongeza wanajeshi. Mgeni anayecheka mbele ya benchi la poti na kuendelea na safari yake ameliruka jambo lenyewe.

Sehemu ya shule na paionia ndiyo iliyonishika zaidi, na ndiyo ninayoshauri mtu asiiharakishe. Umoja wa Paionia, chama cha watoto wa shule, ulianzishwa tarehe 13 Desemba 1948, na mwaka 1952 ukapewa jina la Ernst Thälmann, kiongozi wa Wakomunisti wa Ujerumani aliyeuawa na Wanazi katika kambi ya Buchenwald mwaka 1944. Mtoto wa darasa la kwanza alivishwa skafu ya buluu, mara nyingi karibu na tarehe hiyo ya Desemba, akawa Paionia mdogo. Alipofika darasa la nne alihesabiwa kuwa Paionia wa Thälmann, na tangu mwaka 1973 daraja hilo lilikuwa na skafu yake nyekundu. Kiongozi aliita, "Kwa ajili ya amani na ujamaa, kuweni tayari!" na watoto wakaitika, "Tayari daima!" Waliambiwa kwamba pembe tatu za skafu zinasimama badala ya nyumbani, shuleni na umoja wa paionia. Fundo lilizishika zote. Ninaposema vitu vya makumbusho haya vinaeleza kuliko maandishi yake, ninafikiria kitambaa hiki hasa: chepesi, cha rangi ya kupendeza, cha ukubwa wa leso ya kichwani, na ndani yake dola imejiingiza katika familia, ikakaa sawasawa na baba na mama.

Amri za Paionia wadogo zilikuwa kumi, nazo ukizisoma moja moja huoni cha kupinga. Tunaipenda Jamhuri yetu ya Kidemokrasia ya Ujerumani. Tunawapenda wazazi wetu. Tunaipenda amani. Tunasoma kwa bidii, tunafanya michezo na kuweka miili yetu safi. Mzazi gani angekataa mwanawe afundishwe kuoga na kuwaheshimu wafanyakazi? Ustadi wa orodha ile uko katika mpangilio wake, kwani Jamhuri imewekwa kabla ya wazazi, na mapenzi kwa dola yamesukwa pamoja na usafi wa masikio hata mtoto asiweze kuyatenganisha. Darasa zima lilikuwa kikundi kimoja cha paionia, na kikundi kilichagua baraza lake lenye mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina na mhariri wa gazeti la ukutani. Kulikuwa hata na mchochezi, mtoto wa miaka minane au tisa ambaye kazi yake ilikuwa kuwaeleza wenzake habari za siasa. Msomaji aliyewahi kuwa kiranja anaujua utamu wa cheo katika umri ule. Shule ilikuwa pia na kiongozi wa paionia aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo, akiketi na walimu kwenye vikao, kwa hiyo mpaka kati ya somo na shughuli za baada ya masomo ulifutika kabisa. Asubuhi mwalimu alifundisha hesabu. Alasiri watoto walewale, chini ya paa lile lile, walikuwa wanachama.

Na walipewa mambo mengi. Mgeni akubali hilo, la sivyo hataelewa kwa nini mfumo ule ulidumu. Kulikuwa na kambi za likizo kwa ada ndogo sana, vikundi vya kuimba, kuunda ndege za mfano, kupiga picha na kuogelea. Waliong'ara zaidi walipelekwa kwenye Jamhuri ya Paionia kando ya ziwa Werbellin, iliyofunguliwa mwaka 1952. Katika bustani ya Wuhlheide, mashariki ya Berlin, kulijengwa reli ndogo iliyoanza kazi mwaka 1956, ambayo watoto wenyewe walikata tiketi, walipunga bendera na kuongoza treni chini ya uangalizi wa watu wazima. Reli hiyo ipo mpaka sasa na bado inahudumiwa na vijana, bila skafu. Paionia walizunguka nyumba hadi nyumba wakikusanya chupa na magazeti makuukuu, wakawachotea wazee makaa ya mawe kutoka ghalani. Ukiyatazama hayo kupitia droo za makumbusho haya, unaona jambo ambalo vitabu vingi vinavyohusu udikteta hulipita haraka: kwamba mtoto wa kawaida hakuburuzwa. Alikwenda mbio, kwa sababu wenzake wote walikuwa huko. Waliounda mfumo huo walijua kwamba hiari yashinda utumwa.

Hapo ndipo tofauti na utawala uliotangulia inapoonekana. Wanazi walipitisha sheria ya vijana mwaka 1936, na amri ya Machi 1939 ikafanya utumishi katika Vijana wa Hitler kuwa wa lazima. SED haikuhitaji sheria ya namna hiyo. Kwenye karatasi, Umoja wa Paionia na Umoja wa Vijana Huru wa Ujerumani, yaani FDJ, vilikuwa vya hiari mpaka mwisho, na bado katika miaka ya 1980 karibu wanafunzi wote wa shule za msingi walikuwa paionia, huku FDJ ikiwa na wanachama takriban milioni 2.3. Wanahistoria wanabishana iwapo dola iliyopata utiifu kwa njia hii ya polepole iitwe ya kiimla kamili au ipewe jina lenye makali kidogo. Mzazi aliyetakiwa kuandika barua ya kueleza kwa nini mwanawe hatavaa skafu hakuwa na nafasi ya kushiriki mjadala huo.

Lawama yangu kubwa kwa makumbusho inahusu mpangilio. Maonyesho yamegawanywa katika maeneo, na utoto, elimu na ujana vimewekwa katika eneo la maisha ya hadharani, jirani na mavazi, ununuzi na likizo za ufukweni, ambako Wajerumani Mashariki walipenda kuoga uchi na makumbusho hayakosi kukukumbusha. Chama, jeshi na polisi wa siri, Stasi, vina eneo lao jingine, lenye hali ya utusitusi na chumba cha kuhojiwa. Mpangilio huu unarahisisha matembezi lakini unapotosha picha, kwa kuwa shule ilikuwa dola yenyewe. Margot Honecker, mke wa kiongozi wa nchi, alikuwa waziri wa elimu tangu 1963 hadi 1989, muda ambao kizazi kizima kilianza darasa la kwanza na kurudi kuwaandikisha watoto wake. Sheria ya elimu ya mwaka 1965 ilitaja waziwazi lengo lake, ambalo ni kuzalisha watu wa kisoshalisti waliokuzwa kila upande. Ningependa kuona ripoti ya shule ikiwa imelazwa kwenye meza moja na faili la Stasi, kwa sababu katika maisha ya mwanafunzi vitu hivyo viwili viliweza kukutana.

Chukua suala la kuendelea na masomo. Shule ya kawaida ilikuwa ya miaka kumi, na baada yake ni takriban mwanafunzi mmoja kati ya kumi aliyepata nafasi katika shule ya juu iliyoelekea chuo kikuu. Alama zilihesabiwa, lakini pia ilihesabiwa kazi ya wazazi, uanachama wa FDJ, na maoni ya walimu kuhusu msimamo wa kijana kisiasa. Wavulana walisukumwa wajiandikishe kwa miaka mitatu jeshini badala ya miezi kumi na minane ya lazima. Watoto wa wachungaji, hata wenye akili za ajabu, walifungiwa mlango mara kwa mara. Hakuna aliyetiwa pingu katika jambo hili. Kijana alipokea barua fupi ya kumshauri ajifunze ufundi. Adhabu ya namna hiyo haiachi kitu cha kuweka kwenye kabati la kioo, nami nakiri kwamba kuionyesha ni kazi ngumu, lakini ndiyo iliyofanya hiari iwe na meno.

Sherehe ya Jugendweihe, ya kumtoa kijana utotoni akiwa na miaka 14, inastahili kutazamwa kwa mtazamo huohuo. Serikali iliianzisha upya mwaka 1954 na sherehe za kwanza zilifanyika mwaka uliofuata, kwa kusudi lisilofichwa la kuchukua nafasi ya kipaimara cha Kilutheri. Kijana alivaa suti au gauni jipya, akapanda jukwaani, akaapa kuitumikia nchi na ujamaa, akapewa kitabu na maua, kisha ndugu wakala keki na kumpa pesa. Makanisa yalipinga vikali mwanzoni. Baada ya miaka michache waumini wengi wakaamua kufanya yote mawili, na kufikia miaka ya 1980 waliokula kiapo walizidi asilimia 95. Ninachokiona cha kusikitisha ni kwamba familia nyingi zilijua fika kuwa kiapo ni maneno matupu, na kijana akajifunza siku ile ile ya kuitwa mtu mzima kwamba utu uzima ni kutamka hadharani usichokiamini.

Somo hilo la ndimi mbili lilianza mapema. Makumbusho yamejenga fleti nzima ya aina ya WBS 70, yale magorofa ya vipande vya zege, na mgeni huiingia kwa lifti ya kuigiza. Sebuleni kuna televisheni. Sehemu kubwa ya Ujerumani Mashariki ilinasa matangazo ya Magharibi, isipokuwa maeneo kama bonde la Dresden. Mnamo Septemba 1961, wiki chache baada ya Ukuta wa Berlin kujengwa, FDJ iliwatuma vijana wapande mapaa ya watu kugeuza au kuondoa antena zilizoelekezwa Magharibi. Baadaye serikali ililegeza kamba na watu wakatazama kimyakimya. Watu waliokulia huko husimulia mara kwa mara habari ya mwalimu aliyewaomba wanafunzi wadogo wachore saa inayoonekana kabla ya taarifa ya habari, kwani saa ya Mashariki na ya Magharibi hazikufanana, na mchoro ulimweleza nyumba gani inatazama nini. Mtoto wa miaka sita ilibidi ajue lipi la sebuleni na lipi la darasani. Mtu akiketi kwenye kochi la fleti ile, ambalo linakaribisha kweli, akumbuke pia kwamba waliokuwa wakizungumza hapo walikatisha maneno mtoto alipoingia.

Mafunzo ya kijeshi yaliingizwa kama somo kwa madarasa ya tisa na ya kumi kuanzia tarehe 1 Septemba 1978, licha ya malalamiko ya makanisa na wazazi. Kabla ya hapo na baadaye, kurusha guruneti la mazoezi kulikuwa sehemu ya kipindi cha michezo, likapimwa kwa mita na kuandikiwa alama kama vile kuruka juu. Nimelitaja kwa ufupi kwa sababu wageni wengi hulidhani ndilo jambo kuu, na kwa maoni yangu sivyo; vijana wengi waliliona kero, wakalifanyia mzaha, wakalisahau.

Lililo la maana zaidi ni kisa cha shule ya Carl von Ossietzky katika wilaya ya Pankow, mwaka 1988. Shule hiyo ilikuwa na ubao ambao wanafunzi walikaribishwa kubandika maoni yao. Walibandika. Waliandika kwa kuunga mkono mageuzi ya Poland, wakahoji iwapo gwaride la kijeshi la sikukuu ya taifa, tarehe 7 Oktoba, bado lina haja, na wakakusanya saini za wenzao. Waliotia saini walishinikizwa mmoja mmoja wazifute, mikutano ya FDJ ikaitishwa ili wenzao wawakatae, na wanafunzi wanne wakafukuzwa shule. Shule yenyewe ilibeba jina la mwandishi aliyepinga Ujerumani kujizatiti kwa silaha kwa siri, akateswa na Wanazi katika kambi, na akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kisa kimoja kama hiki, kikielezwa kwa upana katikati ya skafu na beji, kingetosha kuirekebisha sehemu nzima ya ujana.

FDJ ilianzishwa tarehe 7 Machi 1946, na mwenyekiti wake wa kwanza, mpaka 1955, alikuwa huyo huyo Erich Honecker. Shati lake la buluu lenye nembo ya jua linalochomoza ni vazi ambalo hutapata shida kulitambua. Kijana aliingia akiwa na miaka 14. FDJ ilikuwa mlango wa masomo na kazi, lakini pia ilikuwa mwenye disko, mwenye klabu na mwenye safari, na kwa miaka mingi muziki uliopigwa hadharani ulipaswa kuwa asilimia 60 wa nchi za kisoshalisti na 40 tu wa kwingineko, kanuni ambayo kila mpiga disko aliahidi kuifuata na usiku akaisahau. Kufikia mwishoni umoja huo ulikuwa ukiwafukuzia vijana badala ya kuwaongoza. Tarehe 19 Julai 1988 uliwaletea Bruce Springsteen, mwanamuziki wa Marekani, katika uwanja wa Weißensee, mbele ya umati unaokadiriwa kuwa zaidi ya watu 160,000, na tamasha likatangazwa kuwa la mshikamano na Nikaragua. Katikati ya nyimbo mwanamuziki huyo alisema kwa Kijerumani kwamba anatumaini siku moja vizuizi vyote vitaondolewa. Umati ulipiga kelele za shangwe.

Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 6 Oktoba 1989, FDJ ilifanya maandamano ya mienge katika Unter den Linden kuadhimisha miaka 40 ya taifa. Takriban vijana 100,000 walichaguliwa kutoka nchi nzima, wakiwa wamevaa mashati ya buluu, watu ambao mfumo ule uliwalea tangu poti hadi mwenge. Walipofika mbele ya jukwaa waliita, "Gorbi! Gorbi!" wakimwita Mikhail Gorbachev, kiongozi wa Kisovyeti aliyesimama kando ya Honecker, ambaye mageuzi yake Honecker hakutaka hata kuyasikia. Ukuta ulianguka tarehe 9 Novemba. Mgeni akitoka makumbusho, akivuka daraja kuelekea magharibi, anakanyaga barabara hiyo hiyo, na ningetamani kuwe na mtu mlangoni wa kumwambia.

Kwa msomaji wa Unguja matembezi haya yana ladha ya ziada. Jamhuri ya Watu wa Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964, wakati nchi nyingi zilikuwa zikiogopa kuiudhi Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, na washauri wa Kijerumani wakafika visiwani. Magorofa ya Kikwajuni na Kilimani ni kazi ya msaada wao, na mpango wa Michenzani ulichorwa kwa mkono huo huo. Chama cha ASP nacho, katika miaka hiyo ya 1960, kilikuwa na Umoja wa Vijana wake na kundi la watoto lililoitwa kwa Kiingereza Young Pioneers, lenye sare na gwaride. Mzee aliyekuwa mtoto Unguja siku zile angeitazama droo ya skafu kwa jicho ambalo Mjerumani wa Magharibi hana.

Kuhusu huduma nina machache. Nafasi ni finyu kwa idadi ya wageni, na droo haiwezi kufunguliwa na watu wanne kwa pamoja, kwa hiyo afadhali kufika asubuhi mapema au kuchelewa jioni. Asiyesoma Kijerumani wala Kiingereza aende na mtu wa kumsomea, kwani vitu vyenyewe vinavutia lakini bila maelezo skafu ni skafu tu. Desemba 2022 tangi kubwa la samaki la AquaDom, katika jengo la jirani, lilipasuka na maji yakaingia hadi humo. Makumbusho yalifungwa kwa miezi kadhaa, kisha yakafunguliwa tena mwaka 2023. Kwa familia yenye watoto wa umri wa shule ya msingi ni mahali pazuri kuliko makumbusho mengi ya historia ya Berlin, kwa sharti kwamba mzazi awe amesoma kidogo kabla, ili aweze kujibu swali ambalo mtoto mwerevu hatakosa kuuliza: kama ilikuwa nzuri hivi, kwa nini waliikimbia?

Atakayetaka kuona upande mwingine wa hesabu apande treni kutoka Leipzig, mwendo wa karibu saa moja, hadi Torgau, mji ulio kando ya mto Elbe. Huko kuna kumbukumbu ya shule ya maadilisho iliyofungwa kwa kuta na makufuli, iliyoanza kazi Mei 1964 na kuvunjwa Novemba 1989, siku mbili baada ya ukuta kufunguliwa. Ilikuwa chini ya wizara ya Margot Honecker moja kwa moja. Vijana zaidi ya 4,000 walipita humo, wengi wao kwa kosa la kutoroka au kutotii katika nyumba nyingine za malezi. Hakuna hakimu aliyewahukumu. Kila aliyepokelewa alianza kwa siku kadhaa katika chumba cha upweke, kisha akaingizwa katika mazoezi ya mwili, kazi na amri kuanzia alfajiri hadi usiku. Mwaka 2004 mahakama ya juu ya Berlin iliamua kwamba kuwapeleka vijana humo kulikuwa kinyume cha haki tangu mwanzo, na waliopitia humo wakapata njia ya kurudishiwa heshima zao. Saa za kufungua zitazamwe kabla ya safari. Watoto wadogo wabaki Berlin waendeshe Trabant. Torgau inawafaa watu wazima, pamoja na vijana waliofikia umri wa wale waliofungiwa humo, yaani miaka 14 na kuendelea.